Jina Langu Katika Daftari la Maziko

Chama chetu cha maziko, huku Msambweni, nilikianzisha kwa miguu yangu mwenyewe. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikaenda kukiandikisha Kwale, na sharti lake kubwa niliandika mimi: kamati ni watu saba, na uamuzi wowote wa kubadilisha mwendo wa chama haupiti mpaka wote saba wawepo. Sikutaka maiti wa mtu yeyote awe mikononi mwa wachache. Mjinga mimi, nilidhani karatasi itawazuia.

Ndui ilipoingia, bwana afya wa serikali aliomba mtu wa kufuatana naye Munje, awashawishi watu wakubali kuchanjwa. Kamati ikanituma mimi, karani wao. Mama nilimwachia mjomba, ndugu yake wa tumbo moja, ambaye naye alikuwa mjumbe. Kabla hatujamaliza kuchanja, kijiji kikafungwa kwa karantini, nami nimo ndani. Siku kumi na mbili nilikula mihogo ya watu nisiowajua, moyo wangu umetulia kwa kuwa nyumbani nimeacha wenzangu.

Nilipotoka nilimkuta mama ana vipele mpaka ulimini. Mjomba alikuwa ameacha kuja. Nilimuuguza siku nne, na neno lake lilikuwa moja tu: “Nisitiri kama watu wanavyositiriwa.” Siku ya tano, baada ya adhuhuri, akafariki.

Nikaenda kwa mwenyekiti kuomba jeneza na wabebaji. Yeye na mimi tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa bakora moja. Siku hiyo hakunikaribisha hata barazani. Alinifungulia daftari nisome nimesimama: aliyekufa kwa ndui hachukuliwi kwa jeneza la chama, wala hachimbiwi na watu wa chama. Waliohudhuria, wajumbe saba. Jina la saba lilikuwa langu.

“Mimi nilikuwa Munje,” nikamwambia. “Na nyinyi ndio mlionituma.”

“Watu walikuwa na hofu, bwana. Bila ya jina lako sharti lisingetimia. Tulijua hutakataa.”

Hofu naielewa, hata mimi nilikuwa nayo. Lau wangeniambia tunaogopa, ningewasamehe siku ile ile. Lakini kumnyima mama yangu jeneza kwa jina langu mimi, huo ni usaliti, na mpaka leo sina jina jingine la kuuita.

Tulimchukua kwa kitanda chake. Wanaume wawili waliowahi kuugua ndui wakapona walishika mbele. Nyuma nilishika mimi na bwana afya, Mkristo wa bara. Mjomba alisimama mbali, njiani, akaomba dua kutoka huko huko.

Maradhi yalipokwisha, kamati ikakutana kuthibitisha kumbukumbu za kikao kile. Nikasimama nikasema kikao hakikuwa halali, uamuzi ufutwe. Sikutaka mtu aondolewe. Nilitaka iandikwe tu kwamba mama yangu alikuwa na haki ya jeneza lile.

Mwenyekiti akasema tukiandika hivyo serikali itakifuta chama. Akawataka wanaokubali kumbukumbu zibaki zilivyo wanyanyue mikono. Mitano ilinyanyuka upesi. Mjomba alikuwa akitazama mkeka.

“Mjomba,” nikamwita.

Akanyanyua wake.