Samahani ya Nini, Fundi?

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na nadhani nitazikwa nayo. Nilikuwa msichana bado, fundi pekee wa kike katika gereji ya Mzee Anaeli pale Kijenge, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekabidhiwa gari peke yangu. Tena si gari la kubebea majani ya ng'ombe. Lilikuwa gari la mbio lililotoka Japani kwa meli, fupi, pana, limelalia barabara, na likiwashwa akina mama wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara walikatiza maongezi yao wakageuka kulitazama.

Nakusimulia haya kwa sababu jana hapa gerejini nilikusikia na yule mteja wa Elerai. Hajakuuliza kitu, wewe tayari samahani, samahani kaka, naomba unisamehe. Nilitaka kukufinya, nikajizuia kwa kuwa watu walikuwepo.

Mwenye gari lile alikuwa kijana wa Kichaga aliyekuwa na duka la simu mjini, jina lake Godlisten. Alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya magari, yake ya kwanza, katika njia za vumbi huku chini ya Mlima Meru. Ukaguzi wa magari ulikuwa Kikatiti siku hiyo hiyo, mwisho saa nane mchana, na gari lisilokaguliwa halikimbii. Shida yake ilikuwa shafti za mbele, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Zilikuwa zimekwisha, kila akikata kona zinalia ta-ta-ta. Nikazitoa, nikafunga mpya.

Sasa sikiliza, wewe unayependa kukimbiza mambo. Huwezi kuchomoa shafti bila kufungua mikono ya chuma inayoshika gurudumu, na ukishaifungua, gurudumu halitazami tena lilikokuwa linatazama. Lazima ulipange upya. Na bolti za ile mikono huzikazi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Ukizikaza hapo, gari likishuka bushi, yale mapira ya kwenye maungio, zinajipinda, na kila kipimo utakachochukua kitakuwa cha uongo. Unalishusha kwanza, linabeba uzito wake lenyewe, ndipo unaingia shimoni chini yake na spana yako.

Nilikuwa nimefika hapo. Gari lilikuwa limesimama juu ya shimo kwa magurudumu yake, bolti bado hazijakazwa, nyuzi za kupimia sijazivuta. Kwa mtu asiyejua, kazi ilikuwa imekwisha. Godlisten akaingia mapema kuliko tulivyokubaliana, akanyoosha mkono apewe funguo.

"Samahani kaka," nikasema. "Naomba unisamehe sana, bado kidogo. Samahani, najua una haraka, nisamehe."

Akaniangalia, akaangalia gari. "Umeharibu nini?"

"Hapana, samahani, sijaharibu..."

"Kama hujaharibu mbona unaomba msamaha hivyo?" Akageuka. "Mzee Anaeli, shikamoo. Naomba unipe fundi mwingine, huyu dada ameshindwa."

Nilijua gari likichukuliwa mikononi mwangu siku ile, sitapewa jingine. Nitabaki kumwaga oili na kuosha vyuma mpaka nizeeke.

Mzee Anaeli alikuwa Mmeru wa maneno machache, akikohoa tu gereji nzima inanyamaza. Nilitegemea amkemee Godlisten. Akanikemea mimi. Akanivuta pembeni penye matairi.

"Ndeshi, gari lina kosa gani?"

"Halina kosa, mzee. Nimelishusha, nataka kukaza, kisha nipime."

"Ndivyo kazi inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

"Sasa samahani ya nini, fundi? Wewe mwenyewe umemwambia mtu kwamba una kosa, halafu unashangaa akiamini. Mimi siendi kukusemea. Rudi ukamwambie kazi ilipofika, na kilichobaki, basi. Hizo samahani zako kaziweke kwa siku utakayokosea kweli."

Iliniuma, sikufichi. Lakini nilirudi. Nikamwambia Godlisten kwamba bolti hazijakazwa, kwamba akiondoka hivyo gurudumu litayumba kwenye kona ya kwanza ya changarawe, kwamba nahitaji muda na atawahi Kikatiti. Neno samahani halikutoka. Kisha nikaongeza, "Na wewe panda ukae kwenye kiti cha dereva."

"Mimi? Ya nini?"

"Gari hili halitakimbia bila mtu ndani. Nalipima likiwa na uzito wako."

Siku za kawaida tungeweka gunia la mahindi kwenye kiti. Siku ile gunia lilikuwa yeye mwenyewe, na shati lake jeupe. Nikaingia shimoni nikakaza. Nikavuta nyuzi pande zote mbili za gari, nikapima, nikarekebisha, nikapima tena. Godlisten akatoa simu, akaanza kujigeuzageuza. "Kaka, tulia," nikamwambia. "Ukihama wewe, na vipimo vinahama." Akatulia. Mzee Anaeli alikuwa mlangoni ametupa mgongo, lakini mabega yake niliyaona yakicheka.

Tulikwenda Kikatiti pamoja. Mbele ya Usa River, kwenye kipande kilichonyooka, nikamwambia alegeze mikono kwenye usukani. Akalegeza. Gari likaenda mbele, halikuvuta kushoto wala kulia. Mwendo wake ulibadilika. Alianza kuendesha kama mtu anayeliamini gari lake.

Mkaguzi alilala chini ya gari muda mrefu. Alipoinuka akauliza nani alifunga shafti zile. Godlisten akataka kujibu, nikamtangulia. "Nimefunga mimi, na bolti nimezikaza gari likiwa chini." Mkaguzi akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akabandika alama ya kupita.

Godlisten hakushinda mashindano, nisije nikakudanganya. Lakini alimaliza, na magari yenye majina makubwa kuliko lile yalirudi yakivutwa kwa kamba. Wiki iliyofuata rafiki zake wakaanza kuja gerejini na magari yao. Mmoja akamfuata Mzee Anaeli, na mzee, mbele ya wateja na mafundi wote, akamwambia, "Hayo magari ni ya Ndeshi. Mimi sigusi." Najisifu? Ndiyo, najisifu. Nilisubiri neno lile miaka, na hata sasa nikilitaja kifua kinajaa.

Basi shika hili, mwanangu. Ukikosea, omba radhi mara moja, kwa sauti, umtazame mtu machoni, kisha urekebishe. Lakini kwa kazi unayoifanya inavyotakiwa, usimwombe radhi mtu yeyote, hata akiwa na haraka, hata akiwa na fedha, hata akikuita mtoto wa kike. Mweleze kazi ilipofika. Akikasirika, ngoja akasirike akiwa amekaa kwenye kiti chake, wewe uendelee kupima.

Haya, futa mikono, mteja wako amefika. Mungu aibariki mikono yako hiyo, na akupe mdomo unaofanana nayo.