Unga wa Mama na Mugongo wa Michel

Mama yangu Alphonsine alikuwa anapima ugonjwa wake kwa fundo la kitenge. Asubuhi vidole vikikubali kufunga fundo, siku iko nzuri. Vikikataa ananiita: "Léonie, kuja unifunge!" Na hapo hakuna mutu wa kumusemesha mupaka saa nne.

Ilikuwa rimatisi, maumivu ya viungo, ya vidole na ya magoti. Vidonge vilimuchoma tumbo, basi akatafuta njia yake jikoni. Alianika manjano na tangawizi ya kutoka kijiji cha Marabo juu ya bati, akatwanga, akaongeza pilipili manga kidogo. Kila asubuhi kijiko kimoja ndani ya uji, pamoja na tone la mafuta ya mawese. Nyama alipunguza, akazidisha ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Majirani wetu wa mutaa wa Saio wakaanza kumuomba unga, na Mama hakuwadanganya. "Maumivu yatapungua," alikuwa anawaambia. "Lakini goti lenye limekwisha kulika, hakuna unga utalirudisha. Na weye mwenye vidonda vya tumbo, usiguse." Mi nilikuwa namukasirikia. Kwa nini asijisifu kidogo, kama wauzaji wa soko? Kweli, nilikuwa bado mujinga.

Bwana yangu Michel ndiye peke yake hakupokea unga ule mukononi mwa Mama. Kwetu mukwe haguswi. Miaka sita ya ndoa, Michel hajamupa Mama mukono, hajakula mbele yake. Akimuona njiani anakata kona mbio, na Mama naye anajifunika kichwa na kugeuka. Heshima ndiyo hiyo, na wote wawili waliipenda.

Bon. Mwezi wa tano, mwaka 2003, risasi zikaingia mu kartie yetu ya Saio. Watu walichukua njia ya Irumu kwa miguu, siye pia, na mutoto wetu Orly mugongoni kwangu. Kabla ya kutoka Mama akauliza jambo moja tu: "Nikishindwa, nani atanibeba?"

Kaka zangu walikuwa mbali, kule Mongbwalu. Mwanaume alikuwa mumoja tu. Nikamuangalia Michel. Mama akaelewa, akaingia jikoni, akala vijiko vine vya unga, bila uji, bila kitu.

Aka, Mama! Chakula si petroli, ati ukijaza tanki utafika mbali. Nimefikiri sana juu ya vijiko vile vine. Yeye aliyejua kipimo kuliko siye wote, ndiye alikivunja. Aliogopa aibu kuliko risasi.

Tulivuka muto wa Shari, tukaenda mwendo wa saa mbili hivi, Mama akasimama. Akatapika manjano yote kando ya barabara. Goti la kuume lilikuwa limevimba kama papayi. Akaketi chini.

"Nendeni," akasema. "Mutakufa hapa kwa sababu ya magoti yangu? Nendeni!"

Nililia, nikamutukana, Mungu anisamehe. Nilimwambia iko na kichwa ngumu kuliko punda. Nyuma yetu mabomu yalikuwa yanalia, na watu walikuwa wanatupita bila kugeuka. Michel alisimama upande ule mwingine wa barabara, anatazama majani. Halafu akaweka chini mufuko wetu wa nguo, akauacha pale, akakuja. Akapiga magoti mbele ya Mama, amemugeuzia mugongo.

"Mama, unirehemu. Panda."

"Hapana, mukwe. Itakuwa haya kwako mupaka kufa kwako."

"Haya nitaibeba. Na weye nitakubeba. Panda."

Mama akajifunika uso na kitenge, akapanda. Nilimusikia akilia ndani ya kitambaa, pole pole, na roho iliniuma sana. Michel alitembea hivyo siku ile na kesho yake, anapumzika, anainuka tena, mupaka Marabo.

Pale Marabo mama mumoja alikuwa anagawia wakimbizi maji. Alimuangalia Michel, jasho na vumbi, akamuuliza: "Baba, huyu ni mama yako?"

Mama akaondoa kitenge usoni.

"Ndiyo," akajibu yeye. "Huyu mi nilimuzaa."

Halafu akapokea kikombe, akamunywesha Michel kwanza, kwa mukono wake mwenyewe.