Beseni la Kunawia kwenye Kizuizi

Kazi yangu katika matembezi yale ilikuwa maji. Wenzangu walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Kasomeno kuja Lubumbashi, kuombea amani ya Mashariki ya nchi yetu. Mimi nilisukuma baiskeli iliyofungwa bidoni mbili za maji na beseni la plastiki, na kila waliposimama kula niliwamwagia maji ili wanawe. Shule niliiacha mapema. Tangu hapo nimeuza makaa, nimepakia malori, nimelala katika miji ambayo hata mama yangu hajui kama niliifikia. Niliwafuata watu hawa kwa sababu nilisikia wameapa kutorudisha kofi. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama inawezekana.

Aliyewaapisha alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini, mtu mpole mwenye tumbo na viatu vya ofisini. Tulimwita yaya, kama kaka mkubwa. Kila asubuhi alitusimamisha tuinue mikono.

"Muonyeshe! Hakuna fimbo, hakuna jiwe, hakuna hata ndizi."

"Na mwiko yangu, yaya?" aliuliza mama mpishi, binti wa mfanyakazi wa reli, aliyetupikia bukari, ugali wa kwetu, na maharage njia nzima.

"Mwiko ibakie mu sufuria, mama. Ile njo silaha ya kweli."

Watu walicheka, kisha tukaondoka. Lakini jioni moja, nikimmwagia maji, yaya aliniambia kwamba mama yake mzazi alikimbia vita na sasa analala ndani ya hema, na simu yake haipatikani tena. Alitaka sote tufike katikati ya mji, mikono wazi, ili watu watusikilize. Vurugu ikitokea njiani, alisema, tutaitwa wahuni, na hakuna atakayeuliza tulitoka wapi wala kwa nini.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mji, polisi walitusimamisha. Jua lilikuwa limeshuka. Mkubwa wao alisimama mbele ya kamba, fimbo kwapani.

"Leo hamuingie. Muko bengi sana."

"Chef, tuko bantu ya amani," yaya alisema. "Mama yangu iko mu tente kule. Tunaenda kuomba tu."

"Mama yako abakie mu tente yake. Vita yenu muiache kwenu. Hapa haina kwenu."

Yaya aliinama kama anayefunga kamba za kiatu. Nilikuwa karibu naye, baiskeli imeegemea kiuno changu, nikaona anachookota. Alipoinuka ngumi yake ilikuwa imefungwa, na shingo yake imevimba.

Hapo firimbi ikalia. Kwenye kituo cha polisi bendera ilikuwa inashushwa.

Kila mtu akasimama pale alipokuwa, kama ilivyo desturi bendera inaposhuka. Pikipiki zilizimwa. Polisi walikaza miguu, wakageukia mlingoti. Mwanamke mmoja alibaki na karanga mdomoni bila kutafuna. Na yaya akasimama wima kama sisi sote, mikono imenyooka, jiwe la ukubwa wa yai ndani ya mkono wa kulia, mkubwa wa polisi akiwa amempa ubavu, hatua chache tu mbele yake. Sikuweza kusogea. Niliangalia kitambaa kikishuka polepole, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kisifike chini. Niliangalia ngumi. Haikulegea.

Firimbi ya pili ilipolia nilikuwa nimeshashika beseni.

"Yaya, unawe! Bukari inapola, itakuwa baridi!"

"Bukari ya wapi?" mama mpishi aliuliza kwa sauti. Moto hata haukuwa umewashwa. Kisha akaona nilichoona. "Eh, bukari! Munawe, munawe haraka!"

Nilisukuma beseni chini ya mikono ya yaya na kuanza kumwaga. Maji yalipita juu ya ngumi, yakaingia ndani ya mkono wa shati. Alinitazama kama hanijui. Niliendelea kumwaga. Mwishowe vidole vikafunguka, na jiwe likagonga plastiki kwa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea.

Mkubwa wa polisi alikuja, akachungulia.

"Hii iko nini?"

"Jiwe, chef," nilisema.

"Ya nani?"

"Sasa iko ya beseni."

Mtu alicheka nyuma yangu, akajikatiza. Mkubwa alitia mkono majini na kulitoa. Fimbo yake ilikuwa imeshashuka kutoka kwapani.

"Iko yangu," yaya alisema. Mikono yake ilikuwa bado mbele, wazi, inadondosha maji. "Niliikamata sababu yako. Hawa bengine hawajue kitu. Unikamate miye, hawa bapite."

"Ulitaka kunipiga?"

"Nilitaka."

Mkubwa alipimapima jiwe kiganjani. Polisi wake walimngoja aseme. Sisi pia.

"Mupite wawili wawili, pembeni ya barabara," alisema. "Hakuna kuimba. Na weye utangulie. Ile mikono niione vile vile mupaka kule kwenye kona."

Yaya alitangulia, mikono mbele, viatu vikimuumiza. Hakujipangusa. Wengine walifuata wawili wawili. Mimi nilipita wa mwisho na baiskeli.

"Ile bukari iko wapi?" mkubwa aliniuliza.

"Haijapikwa, chef."

Hakucheka. Alinionyesha njia ya mjini kwa mkono ule ule wenye jiwe.