Bega la kaka Masanja na aliyejua kugawa nyama

Mwaka 1953, pamba ikivunwa, kaka yangu Masanja alipoteza mkono wa kulia kwa siku tatu.

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika kwa simu ya mjukuu, nivumilieni. Chumvi sitaongeza.

Tulikaa kijiji cha Didia. Baba alikwisha kufa, hivyo mkono ule ndio uliokuwa jembe la nyumba. Kaka alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, akaanguka shimoni. Maumivu yalishuka kutoka begani mpaka kiwikoni, basi wenzake wakafunga kiwiko kwa vijiti, wakamleta.

Mama aliniuliza kimya kimya kama nitaweza kulima. Nilikuwa na miaka tisa.

Baba mkubwa Ngassa ndiye aliyekuwa mgawaji wa nyama katika ukoo. Kwetu nyama ya sherehe haikupigwa shoka. Kisu kiliingia penye kiungo, kila mtu akapata fungu lake. Alinionyesha mara nyingi: kiwiko na goti ni mlango, hufunguka upande mmoja. Bega na nyonga ni mchi ndani ya kinu. Kinu cha bega ni kifupi, ndiyo maana mchi huchomoka. Pingili za mgongo husogea kidogo tu. Fuvu ni kibuyu kilichoshonwa, halisogei.

(Mjukuu wangu muuguzi alinisomea daftari lake la chuo. Makundi ya viungo ni hayo hayo.)

Siku ya tatu baba mkubwa alikuja, akafungua vijiti vya kaka. "Nani kafunga mlango mzima, na mchi uko nje ya kinu?"

Akamlaza kaka juu ya ngozi, akamwekea kisigino chake kwapani, akashika mkono.

"Baba mkubwa, utaning'oa."

"Ningetaka kung'oa ningekuja na kisu. Legea."

Alivuta taratibu, muda mrefu, akizungusha kidogo. Tukasikia bega likirudi. Mama akakaa chini.

Msimu uliofuata kaka alilima. Mimi nikaenda shule, madarasa manne, ndiyo yanayoandika hapa.

Nilichojifunza: shukuru anayejua kitu kilivyoungwa kabla hajakigusa. Leo bega likitoka nendeni hospitali. Wenye wazee wa namna hii, tuambieni habari zao.

Kaka tumemzika mwezi uliopita. Wiki moja kabla, nilipokwenda kumwona, aliinua mkono ule ule, akashusha kibuyu cha maziwa ukutani, akanimiminia.