Kilima cha Mawe Nyuma ya Mji
Nilikuwa Mkenya nikifundisha Bariadi, Usukumani, na mwalimu mwenzangu ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa pekee. Jumamosi moja alasiri alinialika tupande kilima cha mawe nyuma ya mji. Njia nzima alinicheka: viatu vyangu, mwendo wangu, Kiswahili changu cha Nairobi. Niliendelea kupanda, huku nikiwaka ndani.

Juu tulimkuta mama mmoja akifunga kuni. Rafiki yangu akamsalimia, "Mwadila, mayu," kisha akaendelea kwa Kisukuma, akidhani siambulii kitu. Alisema nina maringo, na kwamba ananitembeza kwa huruma tu, maana sina mtu.

Nikamwambia yule mama, kwa Kisukuma hichohicho, kwamba huruma hiyo sikuiomba.

Mama akajitwika kuni zake, akaondoka bila kuaga.

"Kumbe unasikia?" rafiki yangu akauliza.

"Tangu mwaka jana."

"Na ukanyamaza muda wote huo, kama mchawi!"

Nilishuka peke yangu upande wa sokoni. Jumatatu tulisalimiana kwa Kiswahili, kwa adabu zote, na hatukutembea pamoja tena.