Ukurasa wa Wagonjwa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijivunii. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na mkunga aliyenipokea nilimkwaruza. Nalisema hili mapema ili nikifika kwenye lile la sokoni, mtu asidhani najificha.

Nyumbani tulikuwa tunatengeneza gazeti. Halikuwa gazeti la kuuza. Ilikuwa karatasi moja tu iliyokunjwa katikati ikawa kurasa nne, ikaandikwa kwa mkono na kutolewa kopi. Mtaani kwetu Nangara watu waliliita karatasi ya fundi, kwa sababu mama alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyelianzisha. Mkoa ulikuwa mpya wakati ule. Ofisi zilikuwa zinahamia Babati, na kila ofisi ilikuja na watu wake, na wafanyabiashara nyuma yao. Baba alikuwa mmojawapo, karani wa masijala. Nyumba za kupanga zikajaa watu wasiojuana hata kwa sura.

Siku moja mpangaji wa nyumba ya pili kutoka kwetu akafariki. Sisi tulijua tulipoona gari la kubeba maiti limesimama nje. Kumbe alikuwa ameugua mle ndani majuma matatu. Mama alilia kama aliyefiwa na ndugu, na wala jina la yule bwana alikuwa halijui. "Mtu anakufa hapa pembeni na mimi nashona mashati," alisema. Jumapili iliyofuata alitukalisha mezani akatueleza anachotaka.

Kazi tukagawana. Baba mwenye mwandiko wa ofisini aliandika ukurasa wa kwanza: maji yatatoka lini, mkutano wa mtaa uko wapi, nani kapotelewa na mbuzi. Dada yangu alishika wa pili na wa nne, waliojifungua na waliooana, halafu michoro na mapishi. Mapishi yenyewe yalituletea kesi, maana watu wa kila mkoa waliona makande ya wenzao hayaliki. Mimi nilipewa ukurasa wa tatu, wa wagonjwa. Ndio mama aliokuwa akiutaka, hizo nyingine aliziita pambo.

Ukurasa ule ulikuwa na sheria zake. Mama mwenyewe alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, akirudi ananisomea naandika. Ugonjwa hautajwi. Anatajwa mtu na nyumba anayokaa, kisha moja ya kauli mbili: "anaomba kupumzika" au "anapenda kuonwa". Mwenye kupumzika aliachwa. Anayependa kuonwa, jamani, kufikia jioni ya Jumamosi nyumba yake ilikuwa imejaa uji na kuni na watu wa kumpa pole. Kopi tulitoa stesheneri ya karibu na stendi, tukakunja sebuleni, kisha tukasambaza: kanisani, msikitini, kwenye mashine ya kusaga, na duka la kona.

Katika wagonjwa wa mwanzo kabisa kulikuwa na dada mmoja aliyemfuata mume wake kutoka mkoa mwingine. Mimba ilikuwa imeharibika na hakuwa na mtu. Mama alimpelekea uji wiki nzima, na baada ya hapo hawakuachana tena. Alishinda barazani kwetu akipiga vifungo wakati mama anashona, wakicheka mambo yao ambayo sisi hatukuambiwa. Tulimwita mama mdogo. Baadaye mume wake alijenga Bonga wakahamia huko, lakini kila toleo lilimfikia, alikuwa akipelekewa na mwenzake baba kazini, mtu wa hukohuko Bonga. Mama mdogo hakuwa na habari na makande wala mbuzi. Alifungua ukurasa wa tatu moja kwa moja.

Kisha mama akaugua yeye. Tumbo lilianza kuvimba, miguu ikafuata, na hospitali walizungumza na baba pembeni. Cherehani ikafunikwa shuka. Majirani wa karibu walijua na walikuja, lakini kwenye gazeti alikataa katakata. Alisema ataonekana ameanzisha karatasi ili ajitangaze. Matoleo mawili yalitoka hivyohivyo, mimi nikiandika wagonjwa ambao nina hakika walikuwa wazima kuliko yeye.

Toleo la tatu lilipofika aliniita kitandani. Alikuwa amekonda mabega, tumbo ndilo lililobaki. Akasema, "Niandike. Weka anapenda kuonwa." Nikaelewa anamtaka mama mdogo, maana wengine wote walikuwa wanakuja. Nikamwambia kwa nini tusimtumie tu ujumbe kwa yule mtu wa Bonga wa kazini kwa baba. Akasema hapana, hataki mtu aburutwe kwake wakati wa palizi. Akisoma mwenyewe akaja kwa miguu yake, hapo atafurahi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: Fundi wetu anaumwa, anapenda kuonwa.

Toleo lile baba alilipeleka kutoa kopi peke yake, akalikunja hukohuko dukani na kulisambaza akirudi, kwa sababu dada na mimi tulikuwa tunamhudumia mama. Sikulisoma. Nani anasoma alichokiandika mwenyewe? Mama naye hakutaka kujiona pale. Alitaka tu kujua kama limefika Bonga, na baba akajibu limefika.

Tukaanza kungoja. Gari kutoka Bonga si safari ya kuaga watu, ni hapo tu kwenye barabara ya Dodoma. Jumatatu mama aliomba kubadilishwa gauni. Jumanne akasema leo atakuja, kesho yake vilevile. Kila akisikia mtu anabisha alituma dada akaangalie, na dada alirudi na jirani yuleyule wa kila siku. Ilipopita wiki akasema, "Labda nilimkosea kitu," akaanza kutafuta ni kipi. Alikumbuka gauni alilolichelewesha. Alikumbuka neno alilosema kuhusu mume wa mwenzake, neno la utani, la miaka mingi. Kumsikiliza mgonjwa anajisachi vile roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Nikamchukia yule mwanamke, nasema kweli, nilimchukia.

Ndipo tukakutana sokoni. Nilikuwa nimefuata ndizi za kumpondea mama, na huyo hapo mbele yangu, kikapu mkononi, ananitabasamia kana kwamba hakuna lolote. Nikatoa shikamoo kwa pembe ya mdomo. Akasema marahaba mwanangu, mama hajambo?

Kwetu hapa mtu akiuliza hivyo, jibu la kwanza ni hajambo, hata kama anayeulizwa yuko mahututi. Ndiyo adabu. Habari yenyewe huja nyuma yake: hajambo, ila anaumwa. Hajambo, ila jana hakulala. Muulizaji huwa anangojea hiyo "ila", na yeye aliingoja, nilimwona kabisa amesimama anaisubiri. Mimi nikajisemea, huyu amesoma, anajua, na bado anajitia kuniuliza? Nikasema, "Hajambo," nikafunga mdomo. Akauliza baba. Hajambo. Dada. Hajambo. Nikageuza mgongo nikaenda kwenye ndizi zangu, nimeridhika kwamba nimemkomesha. Nyumbani sikusema nimekutana na nani.

Mama alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, dada amemshikia kikombe.

Mama mdogo alipata habari kwa yule mtu wa Bonga, akafika siku hiyohiyo. Aliingia uani analia kwa sauti, kanga imemtoka begani. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Mimi nikasimama. Nikamwambia mbele yao wote kwamba kumzika ameweza, kumwona ndiko kulikomshinda, na "anapenda kuonwa" ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Shangazi mmoja alinivuta gauni nikae. Sikukaa.

Mama mdogo alifungua kipochi akatoa karatasi ya fundi, imekunjwa mara nne, akanipa. Niliifungua ukurasa wa tatu. Kulikuwa na wagonjwa wawili na, chini yao, sehemu nyeupe.

Nilimfuata baba kwenye turubai la wanaume. Alipoiona ile karatasi mkononi mwangu aliinuka mwenyewe, tukaenda nyuma ya nyumba. Hakujitetea. Alisema alipofika dukani alilisoma lile neno, na akatoa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya taipu, ambayo huwa anatembea nayo, akapaka juu. "Niliona nikilitolea kopi litakuwa kweli," alisema. Nikampigia kelele. Nilimwambia amemfanya mama afe akiomba radhi kwa kosa ambalo halipo. Alisimama tu mikono ikining'inia, karani mzima, na machozi yanamdondokea kwenye shati, na mimi nikaendelea. Kuna maneno niliyamwambia siku ile ambayo hadi leo hajayataja na mimi sijayarudisha. Gazeti halikutoka tena.

Ni katikati ya kelele zangu hizo nilipokumbuka sokoni, na ile "hajambo" yangu. Nikakaa chini palepale. Baba alidhani nimechoka, akanishika bega.

Siku ya tatu ya msiba, wageni walipopungua, nilikuwa uani naosha vyombo. Mama mdogo alikuja akavuta kigoda, akaanza kusugua sufuria upande wake wa beseni. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nangoja aseme mbele za watu kwamba aliniuliza na mimi nikamdanganya. Alikuwa na haki hiyo, hasa baada ya nilivyomfanyia. Hakusema kwa yeyote. Wenzake walipomuuliza, nilimsikia akijibu kwamba hakupata habari, basi.

Tulisugua sufuria mbili tatu. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Alinitaja?"

Nilijua nikisema hapana atapata usingizi. Angejua mama alikuwa hajitambui, au alikuwa na mambo mengine, na angerudi Bonga na msiba wa kawaida kama wa watu wote. Neno lilikuwa rahisi na lilishafika mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshamwambia uongo mmoja yule mama.

"Kila siku," nikasema. "Alitutuma mlangoni kuangalia kama ni wewe."

Aliacha kusugua. Nikaanza kusema nisamehe, sijui kama alisikia.

"Siku ile nilikuwa nakuja kwenu," akasema. "Kile kikapu kilikuwa cha kumpelekea yeye. Uliposema hajambo, nikaona palizi imenilemea, nitakuja wiki nyingine."

Alilisema taratibu, wala hakunilaumu. Tukamaliza vyombo.