Kopa la Sita

Mwaka ule tulikula makopa. Mahindi yalikauka shambani kabla ya kutoa mbelewele, basi hapa Kilosa tukageukia muhogo: tukaumenya, tukaukausha juani vipande vipande, tukautwanga, tukausonga. Ugali wake ni wa kijivu na unanata. Watoto waliozoea sembe waliuita lami. Mtu akiniuliza mjukuu wangu alifanya mtihani wa kidato cha sita mwaka gani, simtajii tarehe. Namwambia, mwaka wa makopa. Aliyekula anajua.

Mimi niliishia darasa la nne. Nasoma polepole, na naandika herufi kubwa kama za kupaka ukutani. Lakini mtoto huyu nimemlea mimi tangu ana miaka tisa, na katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kufika alipofika yeye. Nalisema hili kwa majivuno na siombi radhi.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani alikuja na karatasi iliyojaa wino mwekundu. Ilikuwa insha ya majaribio ya lile somo la maarifa ya jumla, wenyewe wanaliita jiesi. Swali lilitaka sababu sita za ajali za barabarani. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwamba utangulizi ni mrefu, hoja zimefika nne tu, na mifano imekufa. Nikamwambia anisomee. Kwa kuwa aliiandika kwa Kiingereza, akawa ananigeuzia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Ukurasa wa kwanza ukaisha, ajali sijaiona. Alianzia gurudumu lilipobuniwa, akapita kwenye umuhimu wa usafiri, akaishukuru serikali kwa barabara.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo bibi na mjukuu tunavyotaniana, "huyu msahihishaji unampigia hodi mpaka asinzie?"

"Si wewe, Bibi? Nani alinifundisha kuwa mtu hatoi neno lake kabla hajamaliza salamu?"

Ni kweli. Kwangu mtoto akiingia na kusema ametumwa chumvi kabla ya shikamoo, namrudisha nje aingie upya. Huyu nilimrudisha mara nyingi. Hata akija na habari ya ng'ombe walioingia shambani, kwanza shikamoo, halafu za nyumbani, halafu za wagonjwa, ndipo ng'ombe. Na ng'ombe wanaendelea kula. Nilimlea vizuri kwa watu, nikamharibia kwa saa ya mtihani.

Basi tukakaa kupanga. Alinieleza anavyofundishwa: kabla ya kuandika, dakika tano ni za kujenga mifupa ya insha. Utangulizi sentensi tatu. Kila hoja na aya yake, na kila aya na vitu vitatu: hoja yenyewe, maelezo, na mfano wenye mahali na mtu, si "nchi nyingi za Afrika". Mwisho hitimisho, wala usiingize jambo jipya huko. Makopa yalikuwa yameanikwa palepale kwenye turubai. Nikachukua sita, nikayapanga mbele yake.

"Haya. Kila kopa ni hoja. Ukinipa vyote vitatu, linaingia kwenye kinu. Ukinipa maneno ya redioni, linarudi juani."

La kwanza lilikuwa mwendo kasi, likarudi juani mara mbili kabla halijaingia. Jirani aliyekuja kuazima chekeche akasimama kutazama.

"Leo kuna mwalimu mpya? Na mshahara wake makopa?"

"Kaa hapa nawe, shoga, uulizwe maswali."

"Mimi? Mimi niulizwe bei ya dagaa." Akachukua chekeche akaenda zake.

La pili lilikuwa vyombo vibovu, na mfano hana. Nikampa wangu. Nilipokuwa msichana huko Kimamba nilipanda baiskeli ya kaka isiyo na breki, nikaishia katikati ya mkonge, nikalala kifudifudi siku nne nikichomolewa miiba. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Niandike mimi," nikamwambia. "Niko hai. Ukiongopa nitabisha."

Tukaenda hivyo: madereva wanaolala kwenye usukani, wanyama wanaokatisha barabara ndani ya hifadhi, bodaboda wanaobeba mshikaki wa abiria watatu. Makopa matano yakawa kwenye kinu. Sikuwa nimewahi kujua kwamba insha ni kazi ya mikono. Alikuwa anaharakisha sasa, anasema hoja mara moja bila kuzungukazunguka, na mimi moyoni nikaanza kumwona chuo kikuu.

La sita alilishika, akaligeuza, hakulitia.

"Biashara kandokando ya barabara kuu," akasema. "Maelezo: wauzaji hawana mahali pengine pa kupata wateja, na magari mazito yanasimama hapohapo walipo." Akatazama chini. "Mfano ninao, Bibi. Sote tunao."

Mama yake, mwanangu wa pili, aliuza chai na chapati Mikumi, pale malori yanapopumzika. Asubuhi moja lori lililokatika breki liliacha barabara likaja mezani kwake. Ndivyo nilivyompokea mtoto wa miaka tisa. Siku ya mazishi, kaburi halijamaliza kufukiwa, kiongozi mmoja alisimama akasema marehemu awe fundisho kwa kina mama wote wanaokaa barabarani. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Baadaye nikasikia mwanangu ametajwa kwenye semina, kisha kwenye mkutano wa kijiji. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa na pengo la mbele na akicheka alijiziba kwa ncha ya khanga. Hakuna aliyesema alikuwa anamwekea mtoto wake chapati ya mwisho hata mteja akilalamika. Walitaja lori, na kosa lake la kukaa pale.

"Mwalimu amesema mfano hai unapandisha alama," akaendelea taratibu. "Sitamtaja jina."

"Sitaki. Mwanangu si mfano."

"Ni mama yangu pia, Bibi."

Alilirudisha kopa kwenye turubai. Mimi nikashika mchi nikatwanga yale matano, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Swali la namna ileile lilikuja kwenye mtihani wenyewe. Alinieleza aliporudi, amesimama mlangoni na begi lake: utangulizi sentensi tatu, hoja sita, mifano mitano. Kwenye ya sita aliandika "katika miji mingi" akaishia hapo. Alinitii. Nilimshukuru, na shukrani ile ilinitoka kooni kama mwiba wa samaki.

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu, lakini alama hazikutosha kozi aliyoitaka chuo kikuu. Sisemi ni hoja moja iliyomwangusha. Alikosa na kwingine, yeye mwenyewe alinionyesha. Lakini sisemi pia kwamba haimo.

Sasa anarudia, mtahiniwa wa kujitegemea. Anasomea hapahapa nyumbani, na anapanga insha zake haraka mno siku hizi, mifupa tu, hanihitaji. Wiki iliyopita aliweka kalamu chini akaja kuketi karibu na miguu yangu.

"Bibi, sikulaumu. Nakuuliza kwa heshima, na sitauliza tena. Swali lile likija mara ya pili, nimwandike?"

Nilimtazama. Nilijua ninachomnyima, na nilijua ni nani atakayekilipia, si mimi. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili kama nilivyomshika siku alipoletwa.

"Sitaki. Mwanangu si mfano."